Mboga Nyeusi ya Nalufenya

Mpaka leo nikiona jani la kijani kizito, limenona, linang'aa, mgongo wangu unaingiwa na baridi. Sokoni watu wanagombea mafungu ya namna hiyo, mimi napita mbali. Muuza mboga mmoja aliniuliza, "Mama, mboga yangu imekukosea nini?" Nikamuuliza anaimwagilia maji ya wapi. Alicheka, akadhani namtania. Wallahi sikuwa namtania.

Mboga iliyonitia hofu hiyo haikutoka sokoni. Ilitoka kwetu Busiu, upande wa Mbale, mashariki ya Uganda, nami ndiye niliyeileta Jinja nilipoolewa. Kule Busiu, chini ya migomba ya mama yangu, kuna kijito kinachotoka kwenye chemchemi, na maji yake ni maangavu, unaona mchanga chini. Pembeni yake humea mboga ya maji. Majani yake yanafanana na matembele, shina lake lina uwazi ndani kama mrija, linatambaa juu ya maji na kutoa mizizi kila kwenye kifundo. Kwetu si kitu cha kusifia. Majani ni membamba, rangi imepauka, shina limekuwa jekundu kwa njaa. Mama huchuma kiasi cha mkono, huchemsha papo hapo, na tunakula na posho, ugali wetu. Basi nilifunga vikonyo vichache kwenye gazeti lililoloa nikampelekea mama mkwe, kwa sababu hakuna mtu mwenye adabu anayeingia kwa mkwewe mikono mitupu.

Mama mkwe wangu ni Mnubi wa Jinja, mjane wa askari, mwanamke mwenye sauti ya gwaride. Akikuita kutoka jikoni unajikuta umesimama wima. Tangu mwanangu azaliwe mtaa mzima unamwita Habuba, yaani bibi, hata wazee wenzake. Tunaishi naye mtaa wa Nalufenya, nyumba moja, kwa kuwa mume wangu ni askari magereza na mara nyingi yuko zamu, na Habuba hakutaka kusikia habari ya mjukuu wake kulelewa mahali pengine. Mimi nashona sare za shule barazani. Yeye anafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba.

Kuku hao ndio waliokuwa fahari yake, na maji ya kuoshea banda lao yalikuwa fahari ya pili. Hakumwaga hata kopo. Alichimba mtaro kutoka bandani, maji yale mazito yanayonuka yakateremka mpaka kwenye dimbwi lililo chini ya ukuta mrefu wa jirani, mahali ambapo jua halifiki ila kidogo mchana. Humo alitupa vikonyo vyangu vya Busiu.

Loo, mboga ile ilishikwa na wazimu! Ilijaa dimbwi lote mpaka maji hayakuonekana. Majani yakawa mapana kama kiganja cha mwanamume, kijani chake kimekaribia weusi, na mashina yakawa manene, ukilivunja moja linalia. Habuba alisimama pale ameshika kiuno, akaniambia, "Kwenu Mbale mboga zinafunga mwaka mzima. Angalau hizi zimekuja kwangu zikafuturu." Nilicheka sana. Hata mama yangu nilipomsimulia kwa simu alicheka, ingawa alinuna kidogo.

Sasa, kwetu sote, Wanubi na Wagisu na Wasoga, mtoto akianza kula hupewa maji ya mboga. Mboga nyeusi ndiyo damu. Ndivyo tulivyolelewa. Mzazi akitoka kujifungua anapewa, mgonjwa wa malaria akipata nafuu anapewa, na kadiri jani linavyokuwa jeusi ndivyo damu inavyohesabiwa kuwa nyingi. Habuba alikuwa na namna yake ya kuipika. Aliichemsha jioni na chumvi kidogo, akaiponda, akaifunika kwa kawa alilosuka mwenyewe, akaiacha kando ya jiko ilale na ikolee. Asubuhi aliipasha moto, akamketisha mtoto mapajani, akasema bismillahi, na kijiko kikaanza kazi.

Mwanangu aliipenda. Alifungua mdomo kama kinda, na Habuba akaimba mpaka kijiko cha mwisho.

Asubuhi moja nilimchukua nimnyonyeshe baada ya kula, nikaona midomo yake haina rangi. Haikuwa nyeupe. Ilikuwa ya kijivu, rangi ya jivu lililolowa. Nikadhani ni kivuli cha chumba, nikamtoa barazani kwenye mwanga, na kwenye mwanga ikawa mbaya zaidi. Kucha pia. Alikuwa anapumua upesi upesi, na macho yake yalikuwa yananitazama bila kunitazama. Mtoto wangu ni mtoto wa makelele, lakini asubuhi ile alinyamaza. Ukimya ule ndio ulionitia hofu kuliko rangi.

Tulimkimbiza kwenye kliniki ya jirani. Malaria hakuna, kifua safi, homa hakuna. Mpaka kufika adhuhuri rangi ilikuwa imerudi kidogo kidogo, akaanza kuvuta hereni yangu. Tabibu wa pale akasema labda mtoto hana damu ya kutosha. Mungu wangu! Neno hilo liliingia sikioni mwa Habuba kama amri kutoka makao makuu. Tulipofika nyumbani alienda moja kwa moja dimbwini, akachuma majani meusi kuliko yote, akajaza sufuria.

Mnaona tulivyokuwa tunaenda? Kila alipopauka tulimwongezea mboga. Siku moja angekuwa mzima, siku nyingine asubuhi kijivu kinarudi, hasa baada ya siku za mawingu. Nilianza kuamka na roho mkononi. Kabla sijamsalimia mume wangu nilikuwa nimeshamfunua mtoto mdomo. Nilimtazama akilala, nikaweka shavu langu karibu na pua yake nisikie pumzi, na nilipoisikia sikuamini, nikaweka tena. Mume wangu akasema nitamwambukiza mtoto wasiwasi. Nikamjibu kwamba afadhali wasiwasi kuliko sanda. Akaenda zamu.

Mwishowe nikaomba ruhusa, nikaenda na mtoto kwa mama yangu Busiu nikapumzike. Na kule, jamani, mtoto akachanua! Midomo ikawa myekundu, mashavu yakajaa, kelele zikarudi mpaka majirani wakamwita kipaza sauti. Mama yangu naye alimpa maji ya mboga, tena mboga ile ile ya kijitoni, majani yake yale membamba yaliyopauka. Alichuma, akachemsha, akaponda, akampa ikiwa na joto lake la kwanza. Mimi nilikaa pembeni, nimekaza macho kwenye midomo ya mtoto. Hakuna kilichotokea. Kesho yake vilevile, na siku zilizofuata.

Hapo ndipo hofu yangu ilipobadilika sura, nami nitasema ilivyokuwa. Kama mtoto alikula mboga ile ile kwa mama yangu akanenepa, na kwa mama mkwe akavishwa rangi ya maiti, basi tofauti iko wapi? Jirani yetu mmoja wa Busiu, mwanamke ambaye hakuna harusi asiyojua siri yake, aliniangalia kwa huruma nikiwa naosha nepi. Akasema, "Mwanangu, kikulacho ki nguoni mwako." Alibeba ndoo yake akaenda. Mimi nilibaki nimeshika nepi, maji yananichuruzika mpaka viwikoni, na picha ya Habuba ameinamia sufuria ikakataa kunitoka kichwani.

Nilimwogopa. Nilimwogopa mwanamke aliyenikanda maji moto nilipojifungua. Nikakumbuka kila neno aliloniambia kwa ukali tangu nilipoolewa, nikaligeuza, nikalinusa. Mama yangu aliniona siko sawa akanibana mpaka nikasema. Alikasirika, lakini si kwa Habuba. "Usimzushie mtu mzima jambo ambalo hukuliona," akasema. "Una macho. Rudi ukatazame."

Nikarudi Jinja nikatazame. Habuba alitupokea kwa vigelegele, akamnyakua mtoto mikononi mwangu, akamnusa shingoni, na mimi nikakaza macho kwenye mikono yake. Jioni alipoanza kupika niliacha cherehani na sare nusu, nikahamia jikoni na kigoda changu. "Leo umeingiwa na nini, binti?" akauliza. "Unataka kunipindua cheo?" Nikasema nataka kujifunza. Akafurahi, maskini. Akanionyesha kila kitu kama mwalimu: hivi ndivyo unavyochagua jani, hivi unavyokata, usitie maji mengi. Nilitazama mikono yake bila kupepesa. Maji ya bomba, chumvi, mboga. Hakuna unga, hakuna mzizi, hakuna kitu kilichofungwa kwenye pembe ya leso. Sufuria ilipofunikwa kwa kawa, hakuna aliyeisogelea. Asubuhi nilikuwa wa kwanza jikoni, nikakuta kawa kama lilivyoachwa.

Nilipumua. Niliona aibu kwa yote niliyowaza, na kwa sababu ya aibu hiyo nikasema, "Habuba, leo nipe kijiko mimi." Nikapasha chakula, nikamlisha mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe, bakuli zima mpaka chini.

Nilikuwa bado namfuta kidevu alipoanza kubadilika. Safari hii haikuwa kijivu. Ilikuwa buluu, ikaanzia midomoni ikapanda puani na kuzunguka macho, masikio yakafuata. Kichwa kikamlegea kikaangukia kifuani mwangu. Nilipiga ukelele ambao sijui ulitoka wapi. Habuba alidondosha birika, akatoka nje bila viatu, sauti ya gwaride imekwisha yote, anaita tu "Watu! Watu!" kama msichana mdogo.

Kijana wa bodaboda aliyekuwa anasubiri abiria kwenye kona aliwasha pikipiki kabla sijafika. "Panda mama, shika mutoto muzuri, usiangalie yeye, angalia barabara," akaniambia. Sikuweza kuangalia barabara. Nilimwangalia mwanangu njia nzima, nikampulizia usoni, nikamwita mwanangu, baba yangu, kipaza sauti changu, lia hata kidogo. Hakulia. Nyuma yetu Habuba alikuwa kwenye pikipiki nyingine, vazi lake la gomesi limepeperuka, miguu ina matope.

Hospitalini walimwekea oksijeni. Nilishukuru, nikajua sasa rangi itarudi. Haikurudi. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mtaratibu, naye akaongeza oksijeni, akasikiliza moyo, akasikiliza kifua, akamgeuza. Buluu ilibaki pale pale. Nilimwona daktari amekunja uso, na mtu asikudanganye, hakuna kitu kinachotisha kama kumwona daktari amekunja uso juu ya mtoto wako. Nilimshika Habuba mkono bila kukusudia. Ulikuwa wa baridi kuliko wangu.

Daktari akachukua tone la damu ya mtoto akaliweka kwenye kitambaa cheupe. Halafu akaniambia, "Mama, lete kidole." Akanichoma, akaweka tone langu kando ya lile. Langu lilikuwa jekundu. La mwanangu lilikuwa rangi ya kahawa. Tulingoja, akapepea kitambaa, langu likabaki jekundu na la kwake likabaki kahawa. Habuba akaguna kwa sauti ya chini, "Hiyo si damu." Nikakaa sakafuni.

"Amekula nini leo?" daktari akauliza.

"Mboga tu," nikasema. "Na ni mboga aliyokula Busiu kila siku, hakupata chochote."

"Mboga imetoka kwao huyu," Habuba akasema upesi, ananionyesha mimi. "Yeye ndiye aliyeileta." Sikumlaumu. Alikuwa anaogopa kama mimi.

Daktari hakutaka kesi yetu. "Imetoka wapi sikuuliza. Hii aliyokula leo imemea wapi? Kwenye maji gani?"

Habuba alitazama miguu yake yenye matope. Kisha akasema polepole kwamba inamea dimbwini, nyuma ya banda la kuku, kivulini, na maji ya banda yote yanaingia humo. Akasema pia kwamba huilaza usiku kando ya jiko ili ikolee. Daktari alishageuka kabla hajamaliza, anamwagiza muuguzi dawa. Mimi niliona tu sindano ikija na ndani yake maji ya buluu, buluu ya wino. Nikapiga kelele, mtoto wangu ni buluu tayari, mnamwongezea buluu ya nini! Muuguzi akanishika mabega.

Dawa iliingia kwenye mshipa taratibu. Nilishindwa kutazama, nikashindwa kutotazama. Habuba alikuwa anasoma kila aya anayoijua, anazichanganya. Nami nikaona, kwanza kwenye sikio. Sikio la kushoto. Kulikuwa na waridi kidogo pembeni, halafu ikashuka, halafu mdomo, halafu mwanangu akakunja uso wote, akavuta pumzi, na akalia. Alilia kwa hasira zote alizonazo. Wagonjwa wengine wakageuka kutazama. Sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile, na nililia naye kwa sauti kubwa bila haya.

Baadaye alimkojolea Habuba mapajani, na mkojo ukawa kijani cha buluu. Habuba akaruka, "Astaghfirullahi, mtoto anatoka rangi!" Daktari akacheka kwa mara ya kwanza, akasema ni dawa inatoka. Kisha akakaa kitandani kando yetu akatueleza kwa Kiswahili alichokulia nacho kwenye kambi ya jeshi. Mmea wa majini hauchagui, alisema. Unakunywa kilichomo majini. Maji ya chemchemi hayana vitu vingi, kwa hiyo jani linakuwa jembamba na lililopauka. Maji ya banda la kuku yamejaa mbolea, na ndani ya mbolea kuna kitu kinaitwa naitreti. Kwenye jua mmea unaitumia kujijenga, lakini kivulini unashindwa kuimaliza, basi inajikusanya kwenye majani na mashina. Mboga iliyopondwa ikilala kwenye joto, naitreti inageuka kitu kibaya zaidi, na hicho kinaikamata damu ya mtoto mchanga isibebe hewa; ile dawa ya buluu ndiyo huifungua. Mtu mzima anaweza kula asijue. Mtoto hawezi.

"Kwa hiyo ule weusi?" Habuba akauliza.

"Jani jeusi halikuambii limekunywa nini, Hajati," daktari akasema.

Mtoto aliporuhusiwa, Habuba alimbeba mwenyewe njia nzima. Tulipofika nyumbani aliingia dimbwini na nguo zake, akang'oa kila shina, akachoma moto rundo lile bichi likatoa moshi siku nzima. Akafukia mtaro. Halafu akavaa vizuri, akapita nyumba kwa nyumba, kila alikokuwa amegawa vikonyo, akiwaambia wenye watoto waache. Wengine walimcheka. Mama mmoja anayechoma mihogo mtaani alimwambia, "Habuba, wangu wanakula na wanene." Habuba alisimama mlangoni kwake mpaka akapewa ile mboga mkononi.

Na mimi sikumwambia kamwe kile nilichokuwa nimemwazia kule Busiu. Lakini nadhani alijua. Alijua kwa sababu tangu siku ile hakumgusa mtoto na chakula. Alimbeba, alimwogesha, alimwimbia, lakini sahani ikija aliinuka akaenda kwa kuku wake. Nikimwambia, "Habuba, mlishe, nina kazi," anasema mkono unauma. Mwanamke aliyebeba magunia ya pumba mgongoni, mkono unauma!

Hali hiyo ilinitesa mpaka siku moja nikachoka. Nilikuwa nimepika viazi na karoti, hakuna jani hata moja. Nikamwekea mtoto mapajani kwa nguvu, nikamtia kijiko mkononi. "Leo ni wewe," nikasema. "Ukikataa, anashinda njaa."

Alikitazama kijiko. Mtoto alikuwa ameshafungua mdomo. Habuba akachota, akakipeleka mdomoni mwake mwenyewe, akameza. Kisha akaweka kijiko chini, akainua uso wake mbele yangu, yule mama wa sauti ya gwaride, akavuta mdomo wa chini kwa kidole kama tunavyomvuta mtoto, akangoja.

"Tazama vizuri, binti," akasema. "Rangi yangu iko sawa?"